Nafasi Moja kwa Kata Nzima

Jumatatu, 24 Novemba 1997

Bati limevuja pale pale nilipomwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba litavuja: juu ya kabati la rejista. Nimefungua zahanati asubuhi nikakuta maji yamesimama kwenye droo, na vitabu vya uzazi vya miaka ishirini vimevimba kama mihogo iliyorowekwa. Nimetukana kidogo, Mungu anisamehe, halafu nikaanza kuvianika kwenye kitanda cha kujifungulia, kwa kuwa leo hakuna mzazi.

Rhoda, binti ninayeishi naye, akasema, "Mama mkubwa, hivi vitaoza. Tuvinakili." Tuvinakili, anasema, utadhani wino unaota shambani. Ila mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na kuliko wa daktari wa wilaya, basi nimempa madaftari manane mapya yaliyobaki kwenye kampeni ya chanjo. La tisa nimejichukulia mwenyewe. Nimezoea kugombana na watu kichwani mwangu. Afadhali nigombane nao kwenye karatasi.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua. Wagonjwa wawili.

Jumapili, 30 Novemba

Kazi ya kunakili imepata utaratibu. Mvua ikianza wagonjwa hukatika, na wakikatika Rhoda huketi mezani, mimi nikamsomea. Tumeanza na mwaka 1997 tunarudi nyuma, maana vya zamani zaidi bado vinachuruzika. Jina la mama, jina la baba, jinsia, uzito, mahali pa kuzaliwa, maelezo. Rhoda hawezi kuandika jina bila kulitolea hukumu. "Kilo nne na nusu! Mama yake alikuwa anakula mawe?" Nacheka mpaka nasahau mstari.

Ninaishi naye tangu amalize kidato cha nne mwaka jana. Ni mtoto wa mdogo wangu Hellena, wa Msanzi kule juu uwandani; sisi tuko bondeni. Hellena anao saba, na mimi Mungu hakunipa wa tumboni, kwa hiyo Rhoda ni wangu kwa kila kitu isipokuwa uchungu. Alipata daraja la nne. Hana kazi, hana shule, ana mdomo.

Saa nne alikuja Kija na maziwa. Huyu ni binti wa Shigela, Msukuma mwenye ng'ombe wengi ng'ambo ya mto. Alisoma darasa moja na Rhoda akapata daraja la tatu, lakini kidato cha tano hakuchaguliwa. Ni mrefu, mkimya, na kila akija huuliza swali moja tu ambalo sina jibu lake karibu. La leo: kwa nini mtoto njiti anawekwa kifuani kwa mama badala ya kuviringishwa blanketi? Nilipomaliza kumjibu Rhoda akamwambia, "Kija, wewe ungekuwa nesi wagonjwa wangekufa wakisubiri umalize kufikiri." Kija akacheka akaondoka na chupa tupu. Nawapenda wakiwa pamoja, wanafanya chumba kiwe na kelele nzuri.

Jumatatu, 8 Desemba

Lori la Bashiri limekwama kwenye mteremko siku ya pili sasa. Bashiri ana duka Katandala, mjini Sumbawanga, na ndiye posta yetu, basi letu na gazeti letu. Redio inasema hii mvua ina jina, Elnino. Mimi naona ina nia pia.

Leo nimefunga vidonda kumi na vinne peke yangu. Wilaya ilishaniletea wauguzi wasaidizi wawili. Wa kwanza alitoka mbali, akakaa miezi minne, akapanda lori kwenda kuchukua mshahara na hadi leo anauchukua. Wa pili alilia wiki nzima, nikamfungia mizigo mwenyewe kwa huruma. Tangu serikali ianze kupunguza watu kazini hata wa kukimbia hawaleti tena.

Alhamisi, 25 Desemba

Kuzaliwa kwa Bwana. Na kwa mtoto wa Albina wa mashine ya kusaga, kilo tatu. Wali, kuku, na Rhoda kapika vizuri ila kaimba vibaya.

Ijumaa, 9 Januari 1998

Bashiri ameleta barua. Chuo cha uuguzi cha misheni kule juu kinasema kila kata ya pembezoni imetengewa nafasi moja mwaka huu, kwa msichana mwenyeji wa mkoa, hata kama alama zake hazikufika, mradi zahanati ya kwao imdhamini na akimaliza arudi kufanya kazi huko. Misheni itamwajiri yenyewe. Jina moja tu kwa kata, pamoja na barua ya mtendaji na nakala ya rejista inayoonyesha alikozaliwa. Mwisho tarehe 31 Machi.

Nimekasirika. Nimemwambia Rhoda hivi ndivyo nchi inavyoharibika, kila kitu upendeleo. Sindano haijui umetoka kata gani. Mimi niliingia chuoni mwaka 1967 kwa alama zangu, hakuna aliyenitengea kiti.

Rhoda alikuwa anamenya viazi. Akauliza bila kuniangalia, "Kemia alikufundisha nani?"

"Sista Mholanzi. Alikuwa na mizani ya shaba, na ukikosea alikurudisha upime tena mpaka uombe maji."

"Sisi tulifundishwa na ubao. Mwalimu wetu wa Kemia aliondoka tukiwa kidato cha pili, akaenda Tunduma kufungua duka la vipuri. Darasa zima tulipata F, mama mkubwa. Hata Kija. Sasa hizo alama unazosema zetu, ni zetu au za duka la vipuri?"

Nikamwambia amenye viazi. Lakini ukweli wangu niuandike hapa: kabla viazi havijaiva nilikuwa nimeshamwona Rhoda kwa macho ya moyo, amevaa sare nyeupe, anashuka kwenye lori la Bashiri na sanduku lake, anakuja kunipokea hivi vidonda. Msimamo wangu wa miaka thelathini umedumu kwa muda wa kuchemsha viazi.

Jumatano, 14 Januari

Bwana Yonas, mtendaji wa kata, amekuja amevua viatu na kuvishika mkononi kwa sababu ya tope. "Dada Coleta, hili la chuo limeisha. Rhoda."

Nikauliza, kwa heshima tu, na Kija je.

"Kija ni Msukuma. Nafasi hizi zimeletwa kwa sababu watoto wa huku waliachwa nyuma. Wao wana mkoa wao, mkubwa, una shule na vyuo. Ukianza kumgawia kila aliyehamia, mwenye nyumba atalala nje. Nakosea?"

Nikaona hakosei. Nikamkaangia na mayai.

Jumapili, 18 Januari

Mvua mpaka kanisani. Padri amehubiri kwa kupiga kelele ili ashinde bati.

Alhamisi, 22 Januari

Shigela amekuja. Kwa kawaida anakuja akiwa na jipu au na sifa za ndama wake mpya. Leo alikuja na koti na kofia, akaketi kwenye benchi la wagonjwa akasubiri zamu yake nyuma ya watoto wenye kikohozi, ingawa nilimwita aingie.

"Nesi, nimesikia kuna nafasi."

Nikamwambia ipo, moja, ya wenyeji.

"Sawa. Mimi nataka kuuliza tu. Nimekuja hapa mwaka sabini na nane. Kodi ya maendeleo nalipa kwa Yonas, sijawahi kukimbia. Shule ilipoezekwa nilitoa ng'ombe wawili. Hili bati lako linalovuja, mchango wake nilitoa. Kwenye mchango mimi ni mwenyeji, naitwa wa kwanza. Kwenye nafasi nimekuwa mgeni. Nilitaka kujua, huo ugeni unaanza saa ngapi?"

Hakupandisha sauti. Ningefurahi angepandisha, ningepata pa kushikia. Nikamwambia mambo haya yana taratibu, nikasikia sauti yangu ni ya Yonas mtupu. Akasema, "Wabeja, Nesi," ndiyo asante ya kwao, akavaa kofia, akaenda. Nimekasirika na Shigela siku nzima, na sijui kanikosea nini.

Jumatatu, 2 Februari

Mto umechukua daraja la miti. Kija haji na maziwa. Tunakunywa chai ya rangi na Rhoda anasema ndiyo afya.

Ijumaa, 6 Februari

Tumefika mwaka 1983. Rhoda ananakili peke yake siku hizi, maana wagonjwa wa kuhara wamekuwa wengi na mimi sina nafasi ya kumsomea.

Jumanne, 10 Februari

Rhoda kanyamaza tangu jana. Nimempima malaria, hana.

Jumanne, 17 Februari

Lazima niandike yote, hata kama mkono unauma.

Mchana nilitoka kumshona mtu aliyejikata shoka. Niliporudi nikamkuta Rhoda ameweka kalamu chini na kukunja mikono.

"Mama mkubwa, Kija alizaliwa wapi?"

"Hapa. Kwenye kitanda hicho. Alitanguliza miguu. Nilikuwa na mwaka mmoja tu hapa, nilitoka jasho hadi kwenye viatu, na baba yake alikaa nje akiwapigia miluzi ng'ombe ambao hata hawakuwepo."

"Njoo usome basi."

Nikasoma. Mwandiko wangu, wa ujana, umejaa mikia. Machi 1979. Mtoto wa kike wa Shigela, kilo tatu na robo, miguu ilitangulia, mama na mtoto wazima. Mahali pa kuzaliwa: Shinyanga.

Nilidhani macho. Nikavaa miwani. Shinyanga.

Rhoda akafungua daftari alilokuwa ameshanakili, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Mtoto wa Kisukuma, Shinyanga. Mwingine, Shinyanga. Mwingine, Nzega. Mwingine, Shinyanga. "Nimewahesabu. Arobaini na mmoja mpaka sasa, na wote umewazalisha wewe humu ndani."

Hakuna aliyeniagiza. Ni mimi. Nakumbuka hata nilivyokuwa nikifanya: mama akishatulia, natoka kwa baba, nampa hongera, namuuliza, "Kwenu wapi?" Kwetu mtu haandikwi alipoangukia, anaandikwa lilipo kaburi la babu yake. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, na nikimuuliza mwanamume kwao niliona namheshimu. Shigela alijibu kwa majivuno kabisa, "Kwetu Shinyanga!" nami nikaandika. Nimeandika alipozikwa babu, sikuandika alipozaliwa mtoto. Miaka kumi na tisa sijawahi kuona kosa hilo, kwa kuwa halikuwahi kumgusa mtu wangu.

Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Rhoda akasema polepole, "Bado."

Akafungua kurasa za nyuma za rejista ya mwaka 1982, mwaka ambao Hellena alikaa kwangu, kwenye orodha ya watoto waliohamia kliniki yetu. Rhoda, umri miaka mitatu, surua amechanjwa. Mahali pa kuzaliwa: Msanzi.

"Mama kila siku ananiambia nilizaliwa Mbala," akasema Rhoda. "Baba alipokuwa anafanya kazi Zambia. Nimevuka mpaka nikiwa na meno."

Ni kweli. Najua ni kweli, nilikwenda mwenyewe Mbala kumwona akiwa na wiki mbili. Na nikaandika Msanzi, maana ndiko alikolala baba yangu.

"Uliliona lini hili lako?" nikamuuliza.

"Wiki iliyopita. Nikanakili nikanyamaza. Nilisema moyoni, hiyo ni heri yangu. Leo nimefika kwa Kija, nimeshindwa." Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Kwa hiyo mgeni ni mimi."

Nikamwambia asiseme hivyo. Yeye ni Mfipa, babu na bibi, pande zote mbili. Akajibu, "Sijakataa, mama mkubwa. Nimekuuliza tu kilichoandikwa." Tukanywa chai hatukumaliza.

Jumatano, 18 Februari

Mvua. Sikuandika kitu kwenye rejista yoyote.

Jumapili, 22 Februari

Nimekuwa nikibishana na nafsi kwenye misa, badala ya kusali. Nikisema nafasi iende kwa kaburi la babu, ni ya Rhoda. Nikisema iende kwa alikozaliwa mtoto, na ndivyo barua inavyosema, ni ya Kija. Kwa alama, Kija. Na kwa sababu yenyewe ya nafasi hizi, yaani watoto walioachwa na mwalimu mmoja wa Kemia, wote wawili. Chuo hakikuuliza kabila, kabila tumelitia sisi. Nikijikagua vizuri naona kila kitu kilichokuwa upande wa Rhoda ni mimi.

Na nampenda. Lazima niliandike hilo kwa sababu hakuna atakayeamini baadaye. Kila asubuhi ananipashia maji ya kunawa kabla sijaamka. Wanawake wakija na uchungu humshika Rhoda mkono, si mimi. Anawaambia upuuzi mpaka wanacheka katikati ya maumivu. Angekuwa muuguzi mzuri. Sidanganyi wala simpendelei.

Ijumaa, 27 Februari

Barua ya Hellena, imekuja na Bashiri aliyevuka mto kwa mtumbwi na mifuko ya chumvi kichwani. Inauliza kama sare inanunuliwa Sumbawanga au chuo kinatoa. Inasema mama yetu angekuwa hai angecheza.

Jumanne, 3 Machi

Nimemwambia Rhoda nitakachofanya. Alikuwa anafua. Aliendelea kufua shuka ile ile kwa muda mrefu.

"Ungenipeleka mimi, ningerudi," akasema.

"Najua."

"Na Kija anaweza kuolewa huko huko, ng'ombe wakaja, ukabaki na vidonda vyako."

"Inawezekana."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia kwa sababu kosa ni la mkono wangu, na nikilinyamazia linakuwa wizi. Akasema, "Na kunifuta mimi si wizi, kwa kuwa mimi ni wako." Akakamua shuka mpaka nikadhani itachanika. Nilitamani aseme zaidi. Mdomo wote ule wa Rhoda, leo umekuwa na maneno kumi.

Alhamisi, 12 Machi

Kikao cha kata. Nilivaa sare na kofia, ingawa kofia siku hizi haivaliwi, ili nipate ujasiri. Walikuwepo wajumbe tisa, Yonas mezani, na Shigela dirishani nje na wazee wengine wa ng'ambo, kwa sababu mvua ilikuwa imepumzika na miti ya daraja imerudishwa.

Nikasimama nikawasomea rejista yangu na kosa langu. Nikasema wapo watoto sitini na watatu sasa, Rhoda amemaliza kuwahesabu, waliozaliwa mikononi mwangu katika kata hii, nami nikawaandika wa kwingine. Nikasema pia mtoto wa mdogo wangu alizaliwa Mbala, nami nikamwandika wa Msanzi.

Yonas akawa wa kwanza kujibu. "Dada Coleta, unajua unalosema? Kesho watakuja na hicho kitabu kudai mashamba."

"Mashamba hayazaliwi kwenye zahanati, Bwana Yonas. Mimi nina watoto tu."

"Na sisi tulioachwa nyuma?"

Hapo nikamjibu kwa upole, kwa sababu Yonas si mtu mbaya, na mwanawe pia hakufundishwa Kemia. Nikasema, "Kija aliachwa nyuma darasa moja na Rhoda, dawati moja. Mwalimu alipoondoka hakuchagua kabila la kuliacha. Mimi nilikuwa sitaki nafasi za namna hii kabisa. Nilisema ni upendeleo, na mtu apite kwa alama. Sasa nazitaka, tena nazitaka nyingi. Ila kama tunamwinua aliyeachwa, tumwinue kwa kuwa ameachwa, tusianze kuchungulia makaburi."

Mjumbe mmoja mama akauliza, "Kwa hiyo unamnyima wa kwako?" Nikasema ndiyo. Nikanywa maji yao. Wakabishana hadi saa tisa. Mwishowe Yonas akasema yeye atasaini kile ambacho rejista inasema, na rejista ni ya Nesi, na dhambi ni ya Nesi. Nikakubali zote mbili.

Nje, Shigela alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilipofika nyumbani Rhoda alikuwa anafunga mizigo.

Jumamosi, 14 Machi

Amekwenda na lori la Bashiri. Kabla ya kuondoka alimaliza kunakili mpaka mwaka 1978, madaftari yote manane, yamepangwa kwa miaka. Kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa ameacha makosa yangu kama yalivyo. Nikamuuliza kwa nini. "Kosa lako, rekebisha mwenyewe." Hakuniamkia wala hakuniaga.

Jumapili, 15 Machi

Nimerekebisha ishirini na mbili kwa wino mwekundu, na sahihi kila mmoja.

Jumatano, 18 Machi

Arobaini.

Ijumaa, 20 Machi

Sitini na watatu. Halafu Rhoda. Nimeandika Mbala, nikapuliza wino ukauke, nikalia.

Jumatano, 25 Machi

Barua ya Kija imekwenda. Kija mwenyewe alikuja na maziwa, hakuuliza swali. Nikamwambia, "Uliza basi." Akauliza, "Rhoda atarudi lini?" Nikampa chupa tupu.

Jumatatu, 13 Aprili

Jumatatu ya Pasaka, naandika nikiwa Msanzi. Nimepanda mteremko kwenye lori, nimelala Katandala kwa mke wa Bashiri, na leo nimefika kwa Hellena. Mdogo wangu kanipa kigoda na maji, akaniuliza habari za safari, akaniambia, "Dada, mtoto wa mwenzio amekuwa na thamani kuliko wa tumbo la nyumbani," kisha akalia, akaniletea ugali. Hajui kukasirika akiwa na mgeni.

Rhoda alikuwa shambani anafukia nyasi kwenye matuta ya mwisho. Nikachukua jembe nikaenda. Kazi hii nilizaliwa nayo: unalaza nyasi zikiwa bado mbichi, unazifunika na udongo kila upande mpaka tuta linakaa kama mkate, na mvua inafanya yaliyobaki. Lakini miaka thelathini ya kushika mkasi imeniharibu. Matuta yangu yalikuwa yanabomoka. Rhoda hakunisemesha. Alikuwa akifika kwenye tuta langu analipiga kwa mgongo wa jembe mara mbili, linakaa, anapita. Tumelima hivyo hadi jua kushuka. Mgongo wangu umekufa na nina furaha ya ajabu.

Jumatano, 15 Aprili

Nimeondoka. Rhoda alinibebea kikapu hadi barabarani.

Jumatatu, 4 Mei

Chuo kimemchukua Kija. Aripoti tarehe 18. Shigela ameleta dume la mbuzi, nikamwambia zahanati haipokei mbuzi, akasema basi lile ni la bati. Mvua zimekwisha na sasa ndiyo anakumbuka bati.

Ijumaa, 15 Mei

Kija ameondoka. Mama yake na shangazi zake walimsindikiza kwa kuimba hadi kwenye lori, na wanawake wetu wawili watatu wakajiunga, wengine wakatazama tu mlangoni. Yonas alikuja kumpa mkono. Nimempa saa yangu ya kuhesabia mapigo. Nikamwambia asome Kemia kwanza, mengine yatakuja yenyewe. Ananiambia anaogopa kwamba wenzake watasema ameingia kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia waseme, mlango wa mbele ulikuwa na mtu ameukalia, na akishaingia ndani wote watapimwa kwa mtihani mmoja.

Jumatano, 20 Mei

Peke yangu. Wagonjwa thelathini na mmoja.

Ijumaa, 22 Mei

Saa tano asubuhi nilikuwa nimeinama kwa mke wa mwalimu mkuu, njia imefunguka nusu, mtoto mkubwa, na barazani foleni inakohoa. Nikasikia lori, sikuwa na nafasi ya kuangalia. Mara mtu akaingia akanawa mikono kwenye beseni, akafunga aproni, akaenda kichwani kwa mzazi akamshika mkono. "Mama mwalimu, pumua. Ukinibana hivyo nitazaa mimi." Yule mama akacheka na kulia kwa pamoja.

Mtoto alitoka saa sita na dakika kumi, wa kiume, kilo tatu na nusu. Rhoda alimfuta, akampima, akaniletea rejista.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Sijakusamehe vizuri. Bashiri alituambia Kija ameondoka na wewe unafunga vidonda huku unakula. Nikasema huyu atakufa, nitamkasirikia nani?"

Nikasema asante.

Jumapili, 24 Mei

Baada ya misa nimeketi kuandika barua kwa chuo. Nimeomba mwakani kata yetu ipewe nafasi ya pili. Nimeeleza habari za mwalimu wa Kemia na wauguzi waliokimbia, nimeeleza kwamba yupo msichana anayefaa. Nimeandika kwa unyenyekevu mwingi, na jina la Rhoda nikalitaja kama vile ni mtu niliyemwona sokoni.

Rhoda akaisoma juu ya bega langu, ndizi mdomoni. "Hujasema kwamba mimi ni mtoto wa mdogo wako."

"Watasema nakupendelea."

"Si ndicho tunachoomba?"

Nikamtazama. Tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikachukua kalamu nikaongeza mstari chini ya sahihi: Mwombaji ni mtoto wa mdogo wangu, nampenda, alizaliwa Mbala, na alirudi hapa bila kuitwa.